Jenga Mkabala wa Nyumba Yako: Mwongozo kwa Msharika Asiye na Cheo

Jumapili moja jaribu kufika kanisani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya ibada ya kwanza. Utamkuta mama mmoja keshapiga deki na sasa anabadilisha maua ya madhabahuni. Kijana anahangaika na nyaya za spika inayokoroma. Mzee wa zamu anatafuta vikapu vya sadaka, na mwinjilisti anazunguka na Biblia mkononi akiulizia mtu wa kusoma somo la pili, maana aliyepangwa ametuma ujumbe usiku kwamba amesafiri. Rudi ibada ya pili, ni walewale. Njoo maombi ya katikati ya wiki, ni walewale. Jumuiya ikipata msiba, yule mama wa maua ndiye aliye jikoni, na yule kijana wa spika ndiye anayeshusha viti kwenye gari. Na daftari la usharika lina majina ya mamia.

Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya hao wachache. Wao wanahitaji kupumzika. Umeandikwa kwa ajili yako unayeingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza, unatoa sadaka bila kinyongo, unasikiliza mahubiri hadi mwisho, unanunua mkungu wa ndizi mnadani mfuko ukiruhusu, kisha unarudi nyumbani. Mifano nimeichukua kwenye usharika wa Kilutheri wa hapa Tanzania, lakini Mwanglikana, Mmoraviani, Mpentekoste na Mkatoliki wa kigangoni watajiona humohumo.

Jua kwanza kilichokukalisha

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho katika miaka ya 50 baada ya Kristo, na kanisa lile halikuwa la kupigiwa mfano. Lilikuwa na makundi, waumini walishtakiana mahakamani, na kwenye chakula cha Bwana wenye nacho walikula wakashiba huku maskini wakibaki na njaa. Ni watu hao aliowapa ule mfano wa mwili na viungo vyake, ambao tumeusikia hadi hautushtui tena. Usome tena polepole katika sura ya 12 ya waraka wa kwanza, utaona kwamba ndani yake kuna wagonjwa wawili. Upo mguu unaojiona si kitu kwa kuwa si mkono. Na lipo jicho linaloona kwamba halina haja na mkono.

Mahubiri mengi humtibu mgonjwa wa kwanza. Unaambiwa usijidharau, nawe una karama, simama. Ni sawa. Jicho halitajwi sana, pengine kwa sababu mara nyingi jicho ndilo linalohubiri. Lakini watu wengi waliokaa kimya kwenye mabenchi hawakukaa kwa kujidharau. Waliwahi kujitokeza wakaambiwa kwamba kazi hii ina wenyewe. Dada aliomba kuingia kamati ya malezi akaulizwa ameolewa wapi. Kijana alipendekeza hesabu za usharika ziingizwe kwenye kompyuta, akaonekana anatafuta kuwaumbua wazee. Watu wa namna hiyo hawagombani na mtu, wanaacha tu kujitokeza.

Kwa hiyo jiulize umekaa kwa sababu ipi. Kama ni kujiona huna kitu, sehemu inayofuata inakuhusu sana. Kama uliwahi kuzuiwa, usiirudie njia ileile, tafuta kazi isiyohitaji kibali cha kamati, na zipo nyingi. Wapo pia wanaojiona wameshamaliza kwa sababu bahasha yao ya ahadi ni nene. Hao nawaambia bila kuzunguka: fedha yako inahitajika na hakuna anayeibeza, ila haiwezi kumshika mkono mgonjwa wodini.

Pa kuanzia

Ukiuliza wachungaji wengi uanzie wapi, watakwambia uombe Mungu akufunulie karama yako. Omba, lakini usikae ukingoja ufunuo. Nakupa njia nyingine iliyomo kwenye Biblia hiyohiyo, katika sura ambayo wasomaji huiruka kwa kuwa imejaa majina matupu: Nehemia sura ya 3.

Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umebomoka. Sura nzima inaeleza nani alijenga wapi. Kuhani mkuu Eliashibu na makuhani wenzake wanashika Lango la Kondoo. Mfua dhahabu yupo kwenye kazi ya mawe, na jirani yake ni mtengeneza manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea chokaa. Shalumu, mwenye cheo mjini, anajenga pamoja na binti zake. Wakuu wa Tekoa wanakataa kuinamisha shingo, na jambo hilo limeandikwa hadi leo, lakini watu wa kawaida wa Tekoa wanajenga sehemu yao, kisha wanaongeza ya pili. Linalonivutia zaidi ni namna kazi ilivyogawanywa. Mara kwa mara tunasoma kwamba fulani alijenga mkabala wa nyumba yake. Na yupo Meshulamu, ambaye imeandikwa kwamba alijenga mbele ya chumba chake. Mpangaji wa chumba kimoja, jipatie mtakatifu wako. Ukuta ulikamilika kwa siku 52.

Anza basi na palipo mkabala wa nyumba yako. Yaani angalia unachofanya Jumatatu hadi Ijumaa, na mtaa unaoishi, kabla hujaangalia orodha ya kamati za usharika. Fundi bomba anayesali mahali ambapo choo cha wanawake hakina maji tangu Pasaka hana haja ya kufunuliwa chochote. Muuguzi anaweza kukaa chini ya mwembe baada ya ibada na kipimo cha shinikizo la damu, akapima wazee wanaosubiri usafiri. Mwalimu wa shule ya msingi anajua kitu ambacho mchungaji huenda hajakigundua: katika darasa la kipaimara kuna watoto wanaokariri Katekisimu kwa kusikia wenzao kwa sababu kusoma kunawashinda. Saa moja kila Jumamosi na watoto watatu wa namna hiyo ni huduma, hata kama haitatangazwa.

Kijana wa bodaboda naye anadhani hana nafasi kanisani, labda ya kuegesha pikipiki nje na kusubiri abiria. Lakini katika kila mtaa yupo bibi aliyeacha kuja kwa sababu ya magoti. Wazee wa kanisa wamemwandika kwenye orodha ya wagonjwa wa kupelekewa Chakula cha Bwana nyumbani, mara moja kwa miezi kadhaa, na mambo yameishia hapo. Bibi huyo hahitaji kuombewa tu. Anataka kukaa benchi lake, aione sura ya rafiki yake wa zamani wa kwaya, asikie matangazo hata kama ni marefu. Safari moja ya kwenda na kurudi kila Jumapili, taratibu, ukimweka vizuri kwenye kiti, inamrudisha mtu mzima kanisani. Na kama magoti hayaruhusu pikipiki kabisa, wewe mwenye gari unayempita kila Jumapili umeshajua nasema na nani.

Mkabala wa nyumba yako wapo pia watu ambao daftari la usharika haliwajui. Fikiria dada wa kazi. Ibada ya kwanza huja peke yake, amekaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu lazima awahi kurudi. Kwenye jumuiya hayupo. Jumuiya inakutana alfajiri ya Jumamosi anapoandaa chai, tena inakutana sebuleni kwa mwajiri wake, ambako yeye hupita na sinia. Akiugua hakuna anayeandika jina lake kwenye maombi. Mlinzi wa usiku naye yuko hivyohivyo: anakuja moja kwa moja kutoka lindoni, anasinzia wakati wa mahubiri, na watu wanamhukumu. Ukiwa jirani wa watu hawa, kazi yako imeshapatikana. Muulize dada jina lake kamili na kwao ni wapi. Mwambie mama mwenye nyumba, kwa adabu, kwamba zamu ijayo ya jumuiya dada naye akae kwenye kiti, na wewe utasaidia kupitisha chai.

Namna ya kujitolea

Hapa wengi hukosea kwa kusema maneno mapana. Ukimwambia mzee wa kanisa kwamba uko tayari kutumika popote, atakushukuru, atakubariki, na atakusahau kabla ya kufika getini. Sema kazi, siku na muda. Kwa mfano:

“Bwana Yesu asifiwe, mama. Shikamoo. Nimeona mzee anayehesabu sadaka ibada ya pili huwa anabaki peke yake na karatasi. Mimi naweza kukaa naye kuandika, Jumapili ya kwanza na ya tatu ya mwezi, hadi Krismasi.”

Mtu aliyesema hivyo amempa kiongozi jambo la kukubali au kukataa. Hilo la ukomo, “hadi Krismasi,” usilione dogo. Watu wengi huogopa kuanza kwa sababu wameona kwamba ukishika kijiti kanisani utakishika hadi uzeeni. Jiwekee muda. Ukiisha, ongeza au mshukuru Mungu ukabidhi.

Na ukiahidi, fika. Kanisa linaweza kumvumilia msomaji anayekwama kwenye majina ya Kiebrania. Asiyetokea ndiye anayemchosha mwinjilisti. Ukipangiwa somo, lisome nyumbani kwa sauti, pita kwenye majina mara mbili, ufike mapema ujue kipaza sauti kiko urefu gani. Kazi isiyoonekana nayo imo kwenye Biblia: Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa mtu anayeitwa Tertio. Paulo alitamka, Tertio akaandika, na katika sura ya 16 anajitokeza kwa salamu moja tu kisha anapotea. Kijana wa mitambo na katibu wa jumuiya wanaweza kumkumbuka kila wanapodhani hakuna anayewaona.

Nikuonye pia kwa upande wa pili. Si kila mtu aimbe. Kama umepewa sauti ya kutisha ndege, kwaya inahitaji mtu wa kutunza sare, kupanga nauli za safari na kukumbusha mazoezi. Wala si kila aliye tayari akabidhiwe watoto. Shule ya Jumapili ina utaratibu wake: asiachwe mtu mzima mmoja peke yake na watoto chumbani, milango iwe wazi, na mwalimu mpya aulizwe alikotoka. Ukiambiwa usubiri uchunguzwe kabla ya kupewa darasa, usinune. Usharika unaokuchunguza ndio wa kumpelekea mtoto wako.

Sadaka, na lile la kusoma majina

Fedha lazima tuizungumze, maana bila hiyo umeme unakatwa na mwinjilisti hana nauli. Lakini kwanza twende nje kwenye mnada.

Ibada imekwisha, watu wamesimama uwanjani kwenye kivuli. Bibi mmoja ameleta mayai matatu ndani ya kikombe cha plastiki, kwa sababu wiki hii hakuna aliyemtumia hela na hakutaka kuja mikono mitupu. Mzee wa mnada anakiinua kikombe kama kombe la ligi. Elfu mbili! Elfu tatu! Baba mmoja anayachukua kwa elfu tano, analipa, kisha anayarudisha: yanadiwe tena. Yananadiwa tena. Kijana anayachukua kwa elfu nne, naye anampa mama mjamzito aliyesimama pembeni. Mayai matatu yameingiza shilingi elfu tisa na yamemlisha mtu. Bibi anacheka hadi anakaa chini. Mgeni ataona ni mchezo wa kuchangamsha watu baada ya ibada. Mimi naona ndipo mahali ambapo asiye na fedha taslimu anakuwa mtoaji sawa na mwenye mshahara, na usharika unaoufuta mnada ili watu wawahi nyumbani unapaswa kufikiri mara mbili.

Kinyume chake ni ile desturi ya kusoma au kubandika ukutani majina na kiasi ambacho kila mmoja ametoa. Najua sababu zake. Kamati inataka uwazi, na wengine hukumbuka ahadi zao wanapoona jina la jirani. Hata hivyo siiungi mkono. Mama muuza mchicha akiona jina lake liko mwisho kwenye karatasi ya mlangoni, wiki ijayo hapiti mlango huo. Uwazi unaohitajika ni wa upande wa pili: jumla iliyoingia, ilivyotumika, na nani alikagua. Injili ya Marko inasimulia kwamba Yesu alikaa akitazama watu wakitia fedha katika sanduku la hazina, na akamsifu mjane mwenye sarafu mbili, akiwaita wanafunzi wake kuwaeleza. Msharika mwenye taaluma ya uhasibu ana nafasi kubwa hapa. Omba kusaidia kuandaa taarifa ya mapato na matumizi ambayo mtu wa darasa la saba ataielewa, ukurasa mmoja, kila robo mwaka. Utashangaa jinsi ahadi zinavyolipwa watu wakiona fedha ilikokwenda.

Ukiambiwa kazi ni ya mchungaji

Kuna watu, na wengine ni wachungaji wenyewe, wanaoamini kwamba kanisa ni mtu mmoja mwenye kola na wasaidizi wake. Martin Luther alilipinga wazo hilo mwaka 1520 alipofundisha kwamba kila aliyebatizwa ni kuhani mbele za Mungu, ingawa kazi zinatofautiana. Huku kwetu jambo hilo halikubaki vitabuni. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani waliokuwa Kilimanjaro. Wachungaji wenyeji walikuwa bado hawajawekewa mikono, hilo lilikuja miaka ya 1930. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa walimu na wazee wa vijijini: walifundisha, walizika, waliamua ugomvi, walikusanya watu Jumapili. Wajerumani walipoanza kurudi katikati ya miaka ya 1920 waliyakuta makanisa yapo. Kwa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki na nchi jirani, chini ya umoja wao wa AMECEA, waliamua katika mikutano yao ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976 kwamba kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogondogo za majirani. Jumuiya unayoona ni usumbufu wa Jumamosi iliwekwa makusudi, ili pasiwe na muumini asiyejulikana.

Kama wewe ni kiongozi na umesoma hadi hapa, soma pia Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kuzungumza Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku, na manung’uniko yakaanza. Mitume hawakuwaambia wanaonung’unika waombe toba. Waliwaita wote, wakaomba wachaguliwe watu saba, na majina yote saba yaliyotajwa ni ya Kigiriki. Yaani kazi ilikwenda kwa watu wanaofahamu lilipouma. Kisha mitume wakaiachia. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa: tunamteua mtu, halafu tunamsimamia begani hadi aache. Msharika mpya akileta wazo, mpe Jumapili tatu alijaribu kabla ya kumwambia lilivyoshindikana mwaka ule.

Na usitangaze kwamba kanisa linahitaji watu wa kujitolea. Tangazo la namna hiyo kila mtu hulisikia akidhani anaambiwa jirani. Mfuate mtu benchini, mwite kwa jina lake, mwambie umeona anaweza nini.

Ukichoka

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wasemavyo. Yule mama wa maua huwezi kujua amechoka kiasi gani mpaka ushike deki mwenyewe. Lakini nawe usije ukawa yeye. Ukiona unakasirikia watu unaowahudumia, au mumeo, mkeo na watoto wanakuona kwenye picha za kwaya tu, punguza. Mweleze mzee wako mapema, mfundishe atakayekupokea, ondoka bila mgogoro. Kazi moja inayofanywa vizuri mwaka mzima inaujenga usharika kuliko vyeo vinne vilivyoandikwa kwenye kalenda ya kanisa na mwenye navyo hapatikani. Na ukiwa mgonjwa, umefiwa, au unalea mtoto mchanga usiku kucha, kaa upokee. Kuhudumiwa nako ni sehemu ya ushirika, ingawa wenye bidii hulipata somo hilo kwa shida.

Jumamosi hii jumuiya yako inakutana. Hudhuria, hata kama hukufika miezi mitatu, na kabla ya sala ya kufunga sema jambo moja utakalolifanya na siku utakayolianza. Mwenyekiti aliandike mbele yako.